Watoto wasiohesabiwa katika wastani wa shule

Ndugu Mhariri,

Majuma machache yaliyopita, katika ukurasa huu wa barua, mzazi mmoja aliomba Baraza la Mitihani la Tanzania lirudishe desturi ya kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, akieleza kwamba tangu desturi hiyo ilipoachwa mzazi hana tena namna ya kujua ni shule ipi inafundisha na ni ipi inawashikilia watoto tu mpaka saa ya kurudi nyumbani ifike. Barua yake nimeisoma mara mbili, kwa kuwa imeandikwa na mtu anayelea na mwenye haki ya kuuliza. Mimi nimefundisha shule za msingi za mkoa huu wa Tanga kwa miaka 39, kuanzia 1985 hadi nilipostaafu 2024, na kati ya miaka hiyo 16 niliimalizia katika darasa la saba. Naomba nafasi nimweleze mzazi huyo jinsi orodha anayoitamani ilivyokuwa ikitengenezwa huku chini, kwenye madarasa yetu, mahali ambapo msomaji wa gazeti hafiki.

Kwanza, orodha haikufa. Ni kweli kwamba Januari 2023 Baraza lilitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 bila kutaja shule bora wala wanafunzi bora, na likaeleza kuwa halitafanya hivyo tena. Lakini orodha zilihama tu kutoka redioni, zikaingia katika vikao vya tathmini vya kata na halmashauri, ambako mwalimu mkuu wa shule ya mwisho bado husimamishwa mbele ya wenzake aeleze kilichomsibu. Kwa hiyo mzazi asidhani kwamba walimu tumepumua.

Wala mimi si adui wa mtihani. Baba yangu alikuwa mkata mkonge katika shamba moja la wilaya ya Muheza, na mwaka 1978 nilipomaliza darasa la saba hatukuwa na mjomba ofisini wala fedha ya kumpelekea mtu yeyote. Karatasi ile haikuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Katika darasa letu tulichaguliwa wawili kuendelea na sekondari ya serikali, na wengine, ambao baadhi yao walinizidi akili na ninawakumbuka mpaka leo, wakarudi mashambani kwa sababu nafasi zilikuwa chache mno. Mtihani ulikuwa chekeche, na hakuna aliyejidai kuwa ni kitu kingine. Mwalimu Nyerere alikwisha kutahadharisha juu ya jambo hilo katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967: kwamba yafaa kwanza tuamue mtoto atakayeishi kijijini anapaswa kujua nini, kisha mtihani ufuate, badala ya mtihani kutangulia na masomo kuukimbilia. Azimio la Musoma la Novemba 1974 nalo likataka kazi za mwanafunzi za mwaka mzima zihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Yote hayo yalisemwa, tena yakasemwa vizuri.

Sasa tuitazame karatasi yenyewe. Katika mtindo nilioufundishia mpaka nastaafu, mtoto wa darasa la saba hufanya mitihani sita kwa siku mbili za Septemba, kila mmoja una alama 50, jumla 300. Kila karatasi ina maswali 45, na 40 kati yake ni ya kuchagua jibu moja katika matano na kuweka kivuli kwa penseli kwenye fomu inayosomwa na mashine. Alama 121 humpa mtoto daraja C, nalo ni daraja la kufaulu. Chukua mtoto ambaye katika kila karatasi anayajua kwa uhakika maswali 16 tu. Angejibu hayo peke yake angepata 96, ambayo ni D, maana yake hakufaulu. Lakini akiyabahatisha maswali 24 yaliyobaki, kwa hesabu ya kawaida atapatia karibu matano, na alama zake zitafika kama 125. Amefaulu, na katika maswali matano ya mwisho, yale ya kuandika kwa kalamu, ameacha nafasi tupu. Hesabu hii niliwahi kuifanya ubaoni mbele ya walimu wenzangu tukacheka, kisha mmoja wetu, ambaye hakuwa akitania, akasema kwamba basi somo la kwanza la darasa la saba liwe ni kutoacha swali bila kivuli. Na ikawa hivyo. Tuliwafundisha kuchonga penseli, kutotoka nje ya duara, kutoikunja fomu, na ukibanwa kabisa, weka C.

Sina ugomvi na mashine kwa sababu ni mashine. Mwaka 2024 watahiniwa walizidi milioni moja na laki mbili, yaani karatasi zaidi ya milioni saba, na kuwakusanya walimu wa kuzisahihisha zote kwa kalamu nyekundu kabla ya mwaka kwisha si jambo dogo. Ninachosema ni kwamba kile ambacho mashine haikuweza kukisoma, sisi tuliacha kukifundisha. Mtoto humaliza miaka saba ya Kiswahili, lugha anayoiota usiku, bila kutakiwa katika mtihani wa mwisho kuandika ukurasa mmoja wa maneno yake mwenyewe. Badala ya insha hupewa sentensi nne zilizochanganywa, azipange kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Habari ni ya mtu mwingine, sentensi ni za mtu mwingine, yeye anagawa herufi. Januari anaingia kidato cha kwanza, ambako karibu kila somo isipokuwa Kiswahili linamtaka aeleze na kufafanua, tena kwa Kiingereza, na walimu wa sekondari hutulaumu kwamba tumewapelekea watoto wasioweza kuunga sentensi mbili. Lawama hiyo niliisikia mara nyingi katika mikutano, na kila mara nilitazama chini.

Mwaka wa darasa la saba, kama ulivyokuwa katika shule nilizofundisha, ulianza kwa michango ya rimu. Michango ya lazima ilifutwa, ndiyo, tangu Januari 2016, lakini karatasi za majaribio ya kila Ijumaa hazidurufu zenyewe, na mzazi wa Makorora au wa Tongoni akiambiwa kwamba mwenzake amekwisha kuleta rimu yake, ataitafuta. Kufikia mwezi wa tano kulikuwa na kambi: watoto wanalala shuleni, wanapikiwa ugali na maharage, na wanajibu maswali ya miaka iliyopita mpaka saa tatu usiku. Kisha mtihani wa utamilifu wa kata, wa wilaya, wa mkoa. Vipindi vya michezo na stadi za kazi vilibaki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani kwa ajili ya mdhibiti ubora. Nilipokuwa nikiwasomea hadithi, jambo nililolipenda kuliko yote katika kazi hii, kulikuwa na mkono uliokuwa ukinyooshwa daima: «Mwalimu, hii itatoka?» Mtoto yule hakuwa na adabu mbaya. Alikuwa ametuelewa.

Nije kwenye jambo lililonifanya niandike, ambalo halihusu karatasi bali wale wasioifikia.

Mwaka 2012 Baraza lilipoanza kusahihisha darasa la saba kwa mashine, waliofaulu nchini walikuwa asilimia 31 hivi. Mwaka 2013 wakawa 51 hivi, na mwaka 2019 tayari tulikuwa tumepita 80. Ulikuwa pia ndio mwaka, huo wa 2013, ambapo mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa uliingia katika elimu na kila shule ya msingi ikapewa nafasi yake hadharani, kitaifa na ndani ya wilaya. Wastani wa shule ukawa jina la pili la mwalimu mkuu. Na wastani, kama tulivyowafundisha watoto darasa la tano, ni jumla ya alama kugawanywa kwa idadi ya waliofanya. Wanaofikiri kwamba njia ya kuupandisha ni moja tu, yaani kuongeza alama, hawajawahi kukaa katika chumba cha walimu mwezi wa Novemba.

Katika shule moja ya pwani, kusini mwa mji, nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la sita, mtoto wa mvuvi wa madema, ile mitego ya samaki ya kusuka kwa fito. Bamvua likiingia na maji yakitoka mbali, alikosa shule, kwa kuwa baba yake alihitaji mikono. Hisabati ilimshinda, sitamsingizia ubora ambao hakuwa nao. Lakini siku moja niliwapa insha, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa karibu sawa na kupoteza kipindi, na yeye akaandika jinsi dema linavyosukwa: fito zinavyochaguliwa, mdomo unavyoelekezwa ndani ili samaki aingie asiweze kutoka, chambo kinavyofungwa, na jiwe linavyowekwa ili mkondo usilichukue. Maneno aliyaunganisha vibaya, «nikaendanababa» na mengine ya namna hiyo, na vituo hakuweka hata kimoja. Mpangilio wake, hata hivyo, haukuwa na kosa. Hungeweza kuzichanganya sentensi zile ukamtega mtu azipange upya, kwa sababu kila moja ilishikiliwa na iliyotangulia.

Mwezi huo wa Novemba tuliagizwa, kila mwalimu wa somo, tuandike majina ya watoto wa darasa la sita ambao wakipanda la saba watairudisha shule nyuma. Jina lake nililiandika mimi. Lilikuwa la tatu kutoka juu. Wazazi wakaitwa mmoja mmoja, wakaambiwa kwa upole kwamba ni kwa faida ya mtoto akariri darasa ili apevuke, na baba yule, ambaye alikuja amevaa kofia yake ya Ijumaa kwa heshima ya kuitwa shuleni, akasema «nyinyi ndio mnaojua, mwalimu». Mtoto alikariri muhula mmoja, kisha hakuonekana tena. Septemba iliyofuata wastani wetu ulipanda, tukapongezwa kwenye kikao, na mimi nikapewa cheti na shilingi elfu ishirini kwa kufanya vizuri katika Kiswahili. Kijana huyo sasa ana ngalawa yake. Nikishuka Sahare kununua samaki hunitolea shikamoo ya dhati na kunichagulia changu wazuri, kwa kuwa hajui habari ya ile orodha.

Kwa miaka mingi nilidhani hiyo ni aibu ya shule yetu peke yake. Baadaye nikaja kujua kwamba watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walizichambua takwimu za shule za msingi nchini kuanzia 2011 hadi 2016 ili kuona kupanga nafasi kulileta nini. Walikuta mambo mawili, na ni haki kuyataja yote. Shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha matokeo kweli. Presha ilifanya kazi, na mzazi mwandishi wa barua ile hakukosea kabisa. Lakini walikuta pia kwamba shule zilikuwa zikiwazuia baadhi ya wanafunzi wasifike darasa la mwisho. Mpango wenyewe haukuwa na adhabu kubwa kwa mwalimu. Aibu ya kusomwa wa mwisho ilitosha.

Hili si la Waafrika wala la maskini. Marekani, sheria iliyotiwa saini Januari 2002 ilizitaka shule ziwapime watoto wote wa darasa la tatu hadi la nane kila mwaka katika kusoma na hisabati, na shule zisizofikia malengo ziwajibishwe. Katika mji wa Atlanta wachunguzi waligundua kwamba fomu za majibu zilikuwa na alama nyingi mno zilizofutwa kutoka kosa kwenda sahihi, na ripoti yao ya mwaka 2011 iliwataja walimu na watumishi wa elimu 178 katika shule 44. Mwaka 2015 watu 11 walitiwa hatiani mahakamani. Penseli ile ile, kifutio kile kile. Kwetu, Oktoba 2018, watoto wa darasa la saba wa wilaya nzima ya Chemba walirudia mtihani baada ya matokeo kufutwa kwa udanganyifu, na wale waliokuwa wamejibu kwa jasho lao wakakaa tena kitini pamoja na wenzao.

Kwa nini niyaseme haya sasa? Kwa sababu mjukuu wangu ni miongoni mwa watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya, ambao mwaka 2027 watamaliza darasa la sita pamoja na wenzao wa la saba, na Januari 2028 wote wataingia kidato cha kwanza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma tarehe 31 Januari 2025, inafanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Ikiwa kila mtoto anapaswa kuendelea, basi chekeche halina tena kazi. Jirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, walifanya mtihani wao wa zamani wa darasa la nane kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na sasa kazi za darasani za miaka kadhaa zinaingia katika tathmini ya mtoto. Hofu yangu ni kwamba hapa kwetu tutabadili neno, tuseme «upimaji» pale tulipokuwa tukisema «mtihani», kisha rimu, kambi na vikao vya Novemba viendelee kama vilivyo, vikishuka tu kutoka darasa la saba hadi la sita.

Kwa upande wa uandishi, ombi langu si zito kama linavyoweza kusikika. Si lazima insha za watoto milioni zisahihishwe ili taifa lijue kama watoto wake wanaweza kuandika. Mnunuzi wa machungwa Muheza hapasui lori zima. Hukata machungwa manne matano kutoka pande mbalimbali za mzigo, akajua analipa bei gani. Baraza lichague shule kwa kura kila mwaka, bila kuziarifu mapema, watoto wa shule hizo waandike ukurasa mmoja kwa maneno yao, na matokeo yatolewe ya mkoa, si ya shule wala ya mtoto. Shule ambayo haijui kama itaangukiwa na kura italazimika kuwafundisha watoto wote kuandika, na mwalimu atakayetoa insha siku ya Jumanne hataonekana anapoteza kipindi.

Kuhusu wastani, namrudia mzazi wa barua ile, kwa kuwa yeye na mimi kumbe tunataka kitu kimoja: kujua shule inafanya nini. Nisingependa orodha ya kumi bora irudi. Lakini ikiwa wastani wa shule utaendelea kuchapishwa, basi pembeni yake ichapishwe idadi ya watoto waliokuwa katika kundi hilo walipofanya upimaji wa darasa la nne, na idadi ya waliofika mwisho. Kazi hiyo haihitaji mradi wala semina. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba ya PReM, yaani namba ya utambulisho katika mfumo wa Baraza wa kumbukumbu za wanafunzi, inayomfuata tangu anapoandikishwa, hata akihama kutoka Pangani kwenda Mwanza, kwa hiyo aliyehama anajulikana kuwa amehama, na aliyepotea anajulikana kuwa amepotea. Taarifa zimo katika mfumo wa Baraza lenyewe. Kinachokosekana ni safu moja tu katika ukurasa wa matokeo, na mzazi akiisoma ataweza kuuliza swali ambalo hakuna mwalimu mkuu anayeulizwa leo.

Daftari langu la mwaka ule ninalo bado. Katika safu hiyo, shule yetu ingeandikiwa hivi: waliofanya upimaji wa darasa la nne 61, waliohama 4, waliofanya mtihani wa mwisho 44.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga